Kuosha Hori Mara Saba

Mate ya mbwa yana uzi. Ukitaka kujua kama mbwa amekunywa kwenye chombo chako, tazama ukingo wake asubuhi, utauona unaning'inia, mweupe, ukiugusa kwa kijiti unavutika wala haukatiki. Mimi nimeuona uzi huo kwenye hori la farasi karibu kila siku kwa miezi minne. Hata leo nikiukumbuka nikiwa nakula, nasukuma sahani pembeni. Mke wangu Mboni amezoea. Anakifunika chakula na kukiweka.

Jina langu Mbaruku. Nilikuwa saisi wa Bwana Pelamu, Mzungu aliyekuwa akinunua pamba, mwenye nyumba ya mawe kule juu ya mtaa wa Mkuyuni, kando ya ziwa. Saisi ni mtu wa farasi: kumlisha, kumsugua, kumfunga hatamu, na zaidi ya yote kumnywesha. Farasi mwenyewe alikuwa mmoja, jike, mwekundu, jina lake Kometi. Nilimlea miaka kumi na moja. Alikuwa akinijua kwa kikohozi changu tu, kabla sijafungua mlango.

Mwaka wa sitini na moja, mwezi wa saba, Bwana aliniita barazani akaniambia anaondoka. Uhuru ulikuwa uje mwezi wa kumi na mbili, na yeye angepanda meli ya Kisumu tarehe kumi na tano ya mwezi huohuo, halafu kwao moja kwa moja. Nikamuuliza, na Kometi je? Akatazama ziwa. Wazungu wenzake wawili waliotangulia walikuwa wamewapiga farasi wao risasi nyuma ya nyumba, mimi nilijua, na yeye alijua kwamba ninajua.

"Nitakuachia wewe," akasema. "Lakini asubuhi ya kuondoka nitakuja kumtazama. Akiwa mzima, ni wako. Akiwa mgonjwa, nitampiga mwenyewe. Sitaki mnyama wangu aje afe kidogo kidogo mimi nikiwa mbali."

Nikashuka ngazi nikaenda kumnywesha Kometi. Mjini walinicheka walipopata habari. Mbaruku atakuwa na farasi, atapanda kwenda wapi, sokoni kununua dagaa? Mimi nilikuwa nimemzoea yule mnyama na sikutaka auawe. Basi.

Sasa nikueleze habari ya maji, maana watu wanadhani farasi anakunywa kama ng'ombe. Ng'ombe ataingia ziwani mpaka tumboni, atakojoa humo humo, kisha atainamisha kichwa anywe mkojo wake bila wasiwasi. Farasi hanywi hivyo. Kometi alikuwa akileta pua juu ya maji kwanza, anavuta harufu, na kama kuna jani lililooza tu, anainua kichwa na kugeukia ukuta. Atakaa na kiu siku nzima. Mimi nilikuwa nikimheshimu kwa hilo. Kusema kweli nilikuwa nikijiona katika yeye.

Na maji yenyewe yalikuwa ya ziwa. Ukishuka pale Mkuyuni asubuhi unakuta mama anafua nepi, hatua tatu kutoka kwake mtu anaparua samaki, utumbo unaelea, na hatua tatu tena jitu zima limechuchumaa nyuma ya jiwe, wala halifanyi haya. Ukingoni maji yana utando wa kijani unaoteleza mguuni. Roho ilikuwa ikinichafuka kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilikuwa nikipanda juu ya mawe, mbali kabisa, pale penye kina, natupa debe kwa kamba. Nikifika nyumbani nachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili, na bado utakuta ruba wamenasa, wembamba, wanajinyonganyonga. Nawachoma. Madebe matatu kwa siku, kutoka ziwani mpaka juu, miaka kumi na moja, na hakuna siku Kometi aliumwa tumbo kwa maji yangu.

Shida ilianza Memsahibu, mke wa Bwana, alipotangulia kuondoka, mwezi wa nane. Bwana alikuwa na mbwa wake mmoja mkubwa, mashavu yamelegea, macho mekundu chini, jina lake Bruno. Memsahibu alikuwa akimfunga. Alipoondoka, mbwa akawa huru, na kitu cha kwanza alichokipenda duniani kilikuwa hori la Kometi. Hori hilo lilikuwa pipa la mbao lililokatwa katikati. Alikuwa akija kabla ya jua kuchomoza, anasimama miguu miwili ukingoni, analamba kwa kelele, anamwaga nusu na nusu anaiachia mate. Nikamweleza Bwana. Bwana akacheka, akasema mbwa na farasi ni marafiki.

Marafiki. Nikatema mate chini.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa hapa hapa mjini, na kwetu mbwa akilamba chombo, chombo hicho kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mboni aliniambia hiyo ni kwa vyombo vyetu sisi wenye kuswali, mnyama hahitaji. Nikamwambia kinachohitajika na kinachonitoa kinyaa ni vitu viwili mbalimbali. Nikaanza kuosha. Kila asubuhi baada ya swala namwaga maji yote, nasugua hori ndani na nje kwa udongo uliolowana mpaka kwenye maungio ya mbao, halafu nasuuza mara sita. Lakini kwa kuwa maji nilikuwa nikiyapandisha mwenyewe kutoka ziwani, nilisuuza kwa kata moja moja, kwa kubana. Mbao zilikuwa zimeanza kuachia nyufa kwa ukavu wa mwaka ule, na ule udongo ukawa unaziziba vizuri, hori halivuji tena. Nikafurahi.

Masalu alikuwa akinitazama. Huyu alikuwa Msukuma wa upande wa Magu, mchungaji wa ng'ombe ishirini wa maziwa wa Bwana. Ng'ombe walikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, pamoja na josho lao la kuulia kupe, na mimi miaka yote kumi na moja sikuwahi kuvuka ua ule. Kwa nini nivuke? Harufu ilikuwa inatosha. Masalu mwenyewe alikuwa akinuka samli, mavi ya ng'ombe na dawa ya josho, vyote kwa pamoja, na alikuwa akila akiwa hivyo hivyo, bila kunawa, anacheka.

"Sheikh wa farasi," alikuwa akiniita. "Leo umemwosha mara ngapi? Na yeye anaswali?"

"Anaswali kukuzidi wewe," namjibu.

"Basi mfundishe na mbwa."

Nilikuwa nikimchukia. Nasema wazi. Sikumchukia kwa kosa, nilimchukia kwa kucha zake.

Udongo nilikuwa nikiuchagua, maana udongo wa zizini una mavi, na udongo wa njiani una mikojo ya yule yule mbwa. Nilizunguka uwanja mzima nikapata pahala chini ya ua wa minyaa, upande wetu, penye kibonde kidogo. Udongo wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, mkavu. Hapakuwa na jani, hapakuwa na mavi ya kuku, hata sisimizi hakuna. Hata Bruno alikuwa akipazunguka, hapiti katikati. Nikajiambia, Mbaruku, hapa ndipo mahali pasafi kuliko pote katika kiwanja hiki. Nilikuwa nikichota alfajiri, kabla Masalu hajatoka kibandani kwake, karai moja kila siku.

Mwezi wa kumi Kometi akaanza kuharisha. Mwanzo nikasema ni majani mabichi ya mvua. Nikambadilishia. Akaendelea. Akawa anatokwa mate mengi, tumbo linaunguruma, manyoya yamesimama na kupoteza mng'ao. Mwezi wa kumi na moja miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, ukimtembeza anakanyaga kama mlevi. Jambo moja tu lilinipa moyo, hori lake alilipenda. Hata maji yakiisha alikuwa akibaki pale analamba mbao, analamba, mpaka nimwondoe. Nikadhani anafurahia usafi wangu. Nilimweleza Mboni hivyo, kwa maneno hayo hayo, nikiwa na tabasamu.

Siku zilikuwa zinakwenda. Bendera ilikuwa ishonwe, watu mjini wanajifunza nyimbo, na mimi nahesabu tarehe kumi na tano. Kila nikimwangalia yule farasi naona mtutu wa bunduki. Nikaongeza usafi. Nikasugua hori asubuhi na jioni. Akazidi kuumwa.

Hapo ndipo nilipomtafuta mchafu. Nani anayenuka dawa? Nani anayepita uwanjani kwangu na mikono haijanawa? Nani anayecheka? Nikaenda kwa Bwana nikamwambia Masalu anamtilia Kometi kitu kwenye maji, ana wivu kwamba farasi ataachiwa mimi naye haachiwi hata ndama.

Bwana akaniuliza, "Umemwona kwa macho yako?"

Nikasema, "Nimemwona."

Uongo ule ulitoka laini kabisa, haukunikwama popote. Masalu alifukuzwa jioni ile ile. Alisimama mbele ya Bwana na kofia yake mkononi akasema hajawahi kugusa maji ya farasi, kisha akaniangalia mimi, si kwa hasira, kwa kutonielewa. Nikageuza uso. Aliondoka na mkewe Ng'washi wakalala kwa ndugu zao kule Nyamagana, na mimi usiku ule nilikula nikamaliza sahani.

Kometi hakupona. Kulipokucha tarehe kumi na mbili, siku tatu baada ya bendera mpya kupandishwa, alikuwa amelala chini. Nilimwinua kwa kumsukuma na bega. Nikatoka mbio na karai langu kwenda kuchota udongo, nikiwa nimechelewa, jua limeshatoka. Nikiwa nimeinama pale kibondeni, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Ni Masalu. Alikuwa amekuja kuchukua vyungu vya mkewe.

Hakunisalimu. Alikuwa akiangalia karai.

"Huo udongo wa nini?"

"Wa kuoshea hori. Umekuja kucheka?"

"Unauchota hapa? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

Akaweka vyungu chini. Akanishika mkono, yule mtu ambaye nilikuwa sitaki hata nguo yake iniguse, akanivuta mpaka kwenye minyaa, akaisukuma kando kwa fimbo. Ng'ambo, hatua nne tu kutoka tulipokuwa, lilikuwa josho, na mbele yake shimo lenye tope la kijivu lililokauka na kupasukapasuka. Rangi ile ile iliyokuwa kwenye karai langu.

"Tukibadilisha dawa, ile ya zamani tunaimwaga humu," akasema. "Mvua ikinyesha inapita chini ya ua, inatua pale kwako. Sumu ile, Mbaruku. Ndama wawili walikufa mwaka juzi kwa kulamba hapa. Ina chumvi chumvi, wanaipenda. Hukusikia?"

Nilisikia. Walipokufa wale ndama nilisikia, nikasema ni uchafu wao wenyewe, nikaendelea na kazi yangu.

Nikasimama pale na karai mkononi. Akilini nikamwona Kometi akilamba mbao. Nikauona udongo kwenye nyufa, nilivyokuwa nikiushindilia kwa kidole gumba, kwa uangalifu, nikiimba. Nikatapika kwenye minyaa, na nilipomaliza nikatapika tena. Nimeona uchafu mwingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona mtu aliyenitia kinyaa kama niliyekuwa nikimwona asubuhi ile, na alikuwa amevaa kanzu yangu.

Masalu angeweza kuondoka. Mimi ningeondoka. Yeye alinyanyua hori lile akalipasua kwa shoka, akazichoma mbao mbali, akaniambia nilete chombo kingine kisichowahi kuguswa na ule udongo. Hakikuwepo. Ndoo zangu zote, kata yangu, kila kitu nilikuwa nimekisugua kwa udongo ule. Kilichobaki uwanjani pote ni beseni la bati la Bruno.

"Lete hilo hilo," akasema Masalu.

Nikaenda nikalichukua. Lilikuwa na masalio ya nyama na ule uzi. Nikalisuuza kwa maji matupu, nikalijaza, nikamwekea. Kometi akaleta pua, akanusa kwa muda, akanywa yote. Masalu akakamua maziwa akachanganya na maji ya pili, Kometi akanywa hayo pia. Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu kuhara kulipungua, lakini kusimama alikuwa anasimama kwa kuegemea ukuta, mbavu nje, macho yameingia ndani. Mtu asiyejua lolote angesema huyu amekwisha.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano Bwana alikuja na bunduki. Alikuwa amevaa nguo za safari. Masalu alikuwa nje ya mlango, nilimwomba aje, bila kumweleza kwa nini, na yeye hakuniuliza. Bwana akamtazama Kometi kwa muda mrefu. Akampapasa shingo. Kisha akaniambia, kwa upole, nimshike hatamu, maana kwangu huwa anatulia.

Nilijua hesabu yake. Farasi anayeumwa ugonjwa usiojulikana atakufa tu, kwa hiyo afe haraka. Lakini farasi aliyelishwa sumu, na sumu imeondolewa, huyo atapona. Neno moja lilikuwa linamwokoa, na neno hilo lilikuwa linanivua nguo. Nikashika hatamu. Bwana akafungua bunduki, akatia risasi, akaifunga, na mimi nikasikia ule mlio mdogo wa chuma.

"Bwana, usimpige," nikasema. "Ni mimi."

Akageuka.

"Ni mimi niliyemtia sumu. Nilikuwa naosha hori lake kwa udongo wa josho, bila kujua. Tumeondoa, ana siku tatu anakunywa vizuri, atapona. Aliyegundua ni Masalu."

"Ulisema ulimwona Masalu."

"Nilisema uongo. Sikumwona akifanya kitu chochote."

Aliniangalia kwa kinyaa, na kinyaa nakijua nikikiona. Akatoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni, akamwita Masalu aingie. Akamuuliza kama ni kweli atapona. Masalu akasema tumbo limeshafunga, akipata maji safi na mapumziko atasimama. Bwana akamuuliza kama anaweza kumtunza farasi.

"Farasi simjui, Bwana. Namjua ng'ombe."

"Inatosha. Mchukue wewe."

Nikafumbua mdomo. Bwana akanyanyua mkono mmoja, basi, nikaufunga. Saa nne meli ilipiga honi na yeye akawa ameondoka. Masalu alimngoja Kometi siku sita mpaka alipoweza kutembea, kisha akamchukua polepole kwa miguu kuelekea kwao Magu. Nilisimama barabarani. Hakuna aliyegeuka nyuma, yeye wala farasi.

Nilijizuia miezi minne. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, mvua zikiwa bado zinanyesha, nilipanda basi nikashuka Magu, nikauliza njia, nikatembea kwenye tope mpaka kwa Masalu. Nikamkuta amesimama kando ya kisima cha kijiji kilichochimbwa na kuzungushiwa miti, ng'ombe wamezuiwa mbali. Kometi alikuwa pale. Nilimtambua kwa doa la usoni tu, maana alikuwa amenenepa, anang'aa, mkia umechanwa. Nikakohoa. Akainua masikio, akaja mbio mpaka kwenye uzio, akanisukuma kifuani kwa pua. Nililia, sioni haya kusema.

"Ana kiu," Masalu akasema. "Nilikuwa naenda kumtekea."

"Niachie mimi nimtekee. Mara moja tu."

Ndoo ilikuwa mkononi mwake. Hakunipa. Alinitazama, kisha akatazama chini, kwenye tope nililokanyaga kutoka barabarani.

"Kwanza nionyeshe mikono," akasema.

Hakuwa anatania. Mkewe alikuwa akitazama, na majirani wawili, na ng'ombe wote wale. Nikainyoosha mbele yake, viganja juu, halafu nikaigeuza aone na kucha.